CNC ya kusimama ukutani: miezi minane nayo Donholm

Karakana yangu ni chumba cha futi kumi kwa kumi nyuma ya nyumba, na humo tayari mna msumeno wa meza na pikipiki ya shemeji. Mashine ya CNC, yaani inayokata mbao ikiongozwa na kompyuta, ile ya kulala, hata ile ndogo ya kukata milimita 900 kwa 600, ingenitoa mimi nje. Nikaagiza seti ya vipuri kutoka China, fremu nikachomelewa Kariobangi, nikaisimamisha ukutani kama kabati. Imekula sentimita 45 tu za sakafu.

Reli na skrubu za golori (skrubu ndefu ambazo nati yake inaviringika juu ya golori) ni nzuri, hazichezi. Maelekezo ndiyo bure kabisa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba GRBL, programu inayoendesha mota kupitia kibao kidogo cha kielektroniki kiitwacho Arduino, huja imewekwa hatua 250 kwa milimita. Mota zangu zina hatua 200 kwa mzunguko, dereva (kifaa kinachoipa mota umeme) inagawa kila hatua mara 8, na mzunguko mmoja wa skrubu ni milimita 5. Piga hesabu: hatua 320 kwa milimita. Mraba wangu wa kwanza wa milimita 100 ulitoka 78. Nimeutundika mlangoni.

Kisa chenyewe ni stima. Wiki ya pili nachonga mlango wa kabati la jikoni, stima ikapotea. Mashine ya kulala ingesimama pale pale. Hii, mota zikikosa umeme, hakuna kinachoshikilia mzigo, maana skrubu ya golori inateleza mno kujizuia yenyewe. Boriti nzima inayobeba mota ya kukatia ikashuka nayo, biti (kisu chake) ikachimba mfereji kwenye MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi, kisha ikakatika. Mke wangu akaita, "Baba Imani, uko mzima?" Mimi mzima. Mlango wake wa kabati ndio ulioenda.

Dawa ilikuwa kapi mbili, waya wa chuma, na upande wa pili vyuma vya mazoezi vya kilo 9, karibu sawa na uzito wa boriti. Sasa stima ikipotea inabaki ilipo, ingawa inasahau iko wapi, kwa hiyo swichi za mwisho, zile boriti inazozigusa ikifika ukingoni ili mashine ijue ilipo, ni lazima. Kwenye seti yangu hazikuwemo! Nilizipata Luthuli kwa bei ya chai na mandazi.

MDF nzima ya futi 8 kwa 4 haiingii, hukatiwa nusu Gikomba kwanza. Vumbi linadondoka chini badala ya kulala juu ya kazi, lakini barakoa usiache.

Jambo ambalo sikulifikiria ni ukuta, maana tunauchangia na jirani. Nimetia vipande vya tairi, ule mpira wa kushonea akala, kati ya fremu na ukuta. Mama wa jirani anasema zamani alikuwa anasikia kinu cha unga, siku hizi ni cherehani.