Makombo ya Carcass: la 1996 au la 2014?

Ukishazimaliza albamu za Carcass, bendi ya dethi metali (roki nzito na kali sana) kutoka Liverpool, kati ya makombo ya studio ya kuyafuata, yaani mikusanyo ya nyimbo zilizobaki, kuna haya mawili: *Wake Up and Smell the... Carcass* ya 1996 na *Surgical Remission/Surplus Steel* ya 2014.

La kwanza ni ghala. Linaanza na nyimbo 5 zilizoachwa nje ya albamu yao *Swansong*, magitaa yakienda kwa mwendo wa roki, kisha zinafuata rekodi za redio ya BBC, halafu vibao vya miaka ya nyuma zaidi. Ukifika "Tools of the Trade" ya 1992, sauti inakuwa nzito na chafu, na ngoma za Ken Owen zinasukuma kama mtu anayewahi gari. Hapo ndipo ninapolipendea: unaisikia bendi ikibadilika, ila kinyumenyume. Mpangilio wake umevurugika kweli, lakini mimi sioni kasoro.

La pili ni fupi, nyimbo 5 tu, zote za wakati wa *Surgical Steel* ya 2013. Ngoma anapiga Dan Wilding, magitaa ya Bill Steer yamenyooka, kila noti inasikika. Linafaa kwa aliyeipenda albamu hiyo na anataka kuongezewa kidogo.

Kama pesa inatosha moja tu, chukua la 1996. Lianze kuanzia nyimbo za zamani za mwishoni, urudi mbele.