Kuizunguka dunia kwa Cessna: nyika ni safi, miji ni bahati nasibu

Mtu akishaiweka Microsoft Flight Simulator, programu ya kuigiza urushaji wa ndege, kwenye kompyuta, safari yake ya kwanza huwa ni kuitafuta nyumba yake. Anakuta paa jekundu mahali pa la bluu, ghorofa limeota penye mti, basi anafunga programu na kutangaza kwamba ni uongo mtupu. Ndugu yangu, umeanza na kitu ambacho programu hii inakijua kidogo kuliko vyote.

Ninayoizungumzia ni ile iliyotoka Agosti 2020, kazi ya Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa. Ardhi yake ni picha za setilaiti na za ndege kutoka Bing Maps, data inayozidi petabaiti 2 (yaani gigabaiti milioni 2), ambayo haiwezi kukaa kwenye kompyuta ya mtu. Inakujia kwa intaneti kadiri unavyosonga mbele. Baadhi ya miji mikubwa imejengwa kwa picha halisi zilizopigwa kutoka pande nyingi. Kwingine kote, teknolojia ya kampuni ya Blackshark.ai ya Austria hutazama umbo la paa kwenye picha, kisha hubuni jengo la kukaa chini yake. Hapo ndipo vituko vilipozaliwa. Toleo lilipotoka, Buckingham Palace, kasri la kifalme la London, ilionekana kama jumba la ofisi. Na Melbourne ukachomoza mnara mwembamba wa ghorofa 212 katikati ya nyumba za kawaida, kwa sababu mtu aliyekuwa akijaza ramani huria ya OpenStreetMap alikusudia kuandika 2. Watu walirusha ndege kwenda kuutazama, na mimi siwalaumu hata kidogo. Masasisho ya bure, yaliyoanza na Japani Septemba mwaka huohuo, yamepunguza mambo hayo.

Lakini mlima haubuniwi. Jangwa halihitaji mtu wa kukisia rangi ya paa. Kwa hiyo ziara yangu ya dunia naipanga kwa kuwakimbia watu, na naona ndiyo njia pekee ya kuifaidi programu hii.

Mfano ni Richat, huko Mauritania. Ni miduara ya miamba iliyo ndani ya miduara mingine, upana wake kama kilomita 40, katikati ya Sahara. Aliyesimama chini anaweza kupanda ukingo mmoja na kuteremka bila kujua kwamba amevuka mviringo wowote. Ukiwa na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja inayokwenda karibu kilomita 220 kwa saa, kuikata kutoka upande hadi upande kunakula dakika kama 11, na hizo dakika ndizo utamu wenyewe. Mduara wa kwanza unapita chini ya bawa, unangoja, unakuja wa pili, na taratibu unaelewa kwa nini zamani watu walidhani kimondo kilianguka pale. Wanajiolojia leo wanasema ni kuba la miamba lililoinuka kutoka chini, likaliwa na mmomonyoko hadi matabaka yake yakabaki kama pete. Picha tuli hukuonyesha umbo hilo mara moja. Ukubwa wake unaujua kwa kuupitia.

Kilimanjaro nayo inafundisha kwa namna yake. Ile Cessna huchoka kupanda karibu mita 4,200, na Kibo ina mita 5,895, kwa hiyo utauzunguka mlima ukiutazama kwa kuinua shingo. Chukua Cessna Grand Caravan, ambayo injini yake ya turbini inaifikisha zaidi ya mita 7,000, ndipo uchungulie ndani ya kasoko. Hali ya hewa ni ya siku hiyohiyo, inaletwa na kampuni ya Meteoblue ya Uswisi, hivyo inawezekana kabisa kufika na kukuta mawingu matupu. Wanaolalamika wanaweza kuizima na kuweka anga safi. Mimi siizimi, mlima unaoonekana wakati wowote unaotaka unapoteza heshima.

Lukla, Nepal, ni kwa wenye moyo. Njia ya kurukia ina mita 527 tu, imeinama kwa karibu asilimia 12, unatua ukipanda na kuruka ukiteremka, na mbele yako wakati wa kutua kuna mlima, hivyo hakuna kubadili mawazo dakika za mwisho. Kiwanja hicho wametengeneza kwa mkono, si kwa kubahatisha, na inaonekana.

Maji ndiyo aibu. Bahari inang'aa vizuri ukiwa mbali, lakini maporomoko mengi ni picha iliyobandikwa kwenye jabali, hayaanguki wala hayatoi ukungu, na madaraja mengi madogo yamelala mtoni kama mkeka uliolowa. Hata ile miji iliyopigwa picha vizuri huanza kuyeyuka ukishuka sana: miti inakuwa vichuguu, magari yanagandamana na lami. Kaa kati ya mita 600 na 1,000 juu ya ardhi. Weka saa iwe ya asubuhi au alasiri, maana jua la utosini hufuta vivuli, na bila vivuli hata bonde refu linaonekana kama zulia.

Kitu kimoja kwa wakongwe: Meigs Field ya Chicago, kiwanja ambacho wapenzi wa mfululizo huu ulioanza 1982 walikizoea kama mahali pa kuanzia, kilichimbwachimbwa usiku Machi 2003. Toleo la miaka 40, Novemba 2022, limekirudisha bure pamoja na helikopta na ndege zisizo na injini. Ukiruka kutoka pale, hilo ziwa la Michigan na majengo marefu upande wa pili vinatosha kukusamehesha miji yote iliyobuniwa.

Intaneti ikiwa ya kusuasua, ardhi itachelewa kuonekana wazi na utaona matope ya kijani kwa muda mrefu. Punguza mwendo au tenga nafasi kubwa kwenye diski ya kuhifadhi maeneo unayoyarudia. Na usianze kwa kujichagulia viwanja ovyo kwenye ramani. Kuna safari za nyikani zilizopangwa tayari, kupitia Balkani, Patagonia na Nevada, ambapo unapewa maelezo ya kile unachopaswa kukiona chini, mto huu, kijiji kile, kisha unaachwa utafute mwenyewe. Anza na ya Patagonia.