Kliniki yetu ya GP (daktari wa familia) hapa Leicester, Uingereza: nyota tatu, mbili nawadai walioandika mkataba

Naona watu wanaitupia hii kliniki nyota moja moja kisa simu ya kuomba miadi saa mbili asubuhi haipokelewi, sawa ile simu inachosha kweli, ila mnamtukana dada wa mapokezi bure. Kliniki nyingi za GP Uingereza ni mali ya madaktari wenyewe, ndo ilivyo tangu NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ianze 1948, serikali inawapa mkataba tu na kile mkataba unacholipia ndo utakachokikuta mlangoni.

Wanalipwa kwa kichwa. Pauni 120 na ushee kwa mwaka, uende mara moja uende kila wiki hela ni ileile, wazee na watoto wadogo wanahesabiwa zaidi kidogo. Mitaa ya walalahoi inalalamika miaka yote kwamba hesabu hiyo inawapunja, 2025 ndo serikali ikasema itaipitia upya, haya tusubiri.

Halafu kuna pointi. Tangu 2004 presha yako na sukari yako zikipimwa na zikakaa vizuri kliniki inapata pointi, na pointi ni hela. Mama mkwe kaenda na goti, nesi kamvalisha mkanda wa presha, mama ananigeukia "mwambie mwenzio nimekuja na goti, mkono wa nini?" nikashindwa hata kutafsiri kwa kucheka. Presha ilikuwa juu lakini, kaanzishiwa vidonge, kwa hiyo hapo siwezi kulalamika sana.

Goti lenyewe akaliona fizio, yule mtaalamu wa viungo, sio daktari, na alimshika vizuri, kampa na mazoezi. Hilo nalo ni mkataba, 2019 kliniki zilianza kuunganishwa vikundi vya watu kama 30,000 mpaka 50,000 wakapewa fungu la kuajiri wafamasia, mafizio na wengineo, ila kwa fungu hilo daktari hakuruhusiwa kuajiriwa mpaka Oktoba 2024!! Yaani madaktari walikuwa wanatafuta kazi, sie tunatafuta daktari, na hela ipo.

Fomu ya mtandaoni ya kuomba miadi imekuwa nzuri sasa, zamani ya kwetu ilikuwa inafungwa hata saa nne haijafika eti imejaa, tangu Oktoba 2025 lazima iwe wazi Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka kumi na mbili na nusu jioni kwa mambo yasiyo ya dharura. Kujibiwa haraka ni habari nyingine.

Kinachonikera hasa ni sura mpya kila ukienda, unaanza hadithi ya ugonjwa wako upya kama uko mahakamani. Kwenye karatasi kila mgonjwa ana daktari wake kwa jina, wa kwetu tunalijua jina tu, mtu mwenyewe hatujawahi kumtia machoni.

Mliofika juzi: kuandikishwa ni bure, na kukosa pasipoti au bili ya umeme sio sababu ya kukataliwa. Shemeji yangu hapo mapokezi walimdai hizo karatasi, nikawaelewesha taratibu, fomu ikatoka. Mkalimani wa Kiswahili naye ni bure ila muombe siku ile ile mnapobuku, mkisubiri mpaka mmeshakaa mbele ya daktari zile dakika kumi zinaishia kwenye kumtafuta kwa simu.