St. Stephen's Roma: binti yangu alisoma kutwa, akamalizia bweni

Wazazi wenzangu mnaokuja Roma kwa kazi za FAO, lile shirika la UN la chakula na kilimo, mmeniuliza sana kuhusu hii shule, kwahiyo naandika mara moja nimalize. Binti yangu kamaliza hapo, alianza kutwa akamalizia bweni, na sababu ya kuhamia bweni ndo nataka mwielewe.

Shule iko mtaa wa Aventino, unashuka metro ya Circo Massimo unatembea kidogo tu, na FAO yenyewe iko hapohapo, yaani asubuhi tulikuwa tunapanda treni moja tukishuka mimi kazini yeye shule. Ipo tangu 1964, binti yangu alisoma sekondari yao, grade 9 mpaka 12, wanafundisha kwa Kiingereza na miaka miwili ya mwisho unaweza kusoma IB, ile diploma ya kimataifa (International Baccalaureate). Sasa IB jamani si ya kuchezea, masomo 6, insha ya mpaka maneno 4,000, na mitihani inakuja mwisho wa miaka miwili, ukimhamisha mtoto katikati anaweza kukuta shule mpya haina masomo aliyoanza nayo. Mimi uhamisho umenikuta ndo kamaliza mwaka wa kwanza. Nililia usiku kucha. Ila kwakuwa bweni lipo alihamisha sanduku tu, walimu walewale, marafiki walewale, nikaondoka moyo umetulia. Kama mkataba wako ni mfupi tafuta shule yenye kutwa na bweni toka mwanzo, usisubiri barua ya uhamisho.

Alafu kuna mji wenyewe. Jioni moja kanishika mkono kanipeleka pale uwanjani karibu na FAO ninapopita kila siku, pana nguzo mbili za ukumbusho wa Septemba 11, ananambia mama, jirani na hapa ndo lilisimama lile jiwe la Axum, mnara mrefu wa kale, Waitaliano walilitoa Ethiopia wakalisimamisha hapa 1937, likarudishwa kwao 2005. Mimi miaka yote napita na mkoba wangu sijui chochote! Anaongea huku anaonyesha kwa kidole, mtoto wa miaka 16, nilibaki namwangalia tu.

Ada ni kubwa, tusidanganyane, na bweni ndo zaidi. Kama uko UN kaa na watu wa rasilimali watu mapema wakueleze posho ya elimu inalipa kiasi gani kwako, maana inategemea na kituo chako cha kazi. Na wa kutwa mjiandae na migomo ya mabasi na metro, Roma ipo mara kwa mara, hasa Ijumaa.

Kingine: IB inaruhusu mtoto asome fasihi ya lugha yake hata kama shule haina mwalimu wa hiyo lugha, anajisomea kwa usimamizi. Ulizieni Kiswahili kabla hajachagua masomo, sisi tuliuliza tumeshachelewa na hadi leo inaniuma.