Kijana wa Barani aliyeiponya Triumph yangu, ila hana taa

Pikipiki yangu ni Triumph Bonneville T140 ya mwaka 1976. Niliinunua kwa Mtaliano aliyekuwa akifunga nyumba yake ya Casuarina, hapa Malindi. Platini za asili (vile vidude vya kukata na kuunganisha umeme wa cheche) zilikwisha kuondolewa zamani, pakawekwa mfumo wa elektroniki: kisanduku cheusi chini ya kiti, na sahani ndogo yenye koili mbili za kunasa ishara, imejificha nyuma ya kifuniko cha mviringo upande wa kulia wa injini.

Asubuhi ilikuwa ikiwaka vizuri. Nikivuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, injini ikishapata moto, inazimika ghafla kama kibatari kilichopulizwa. Nikae chini ya mwembe nusu saa, iwake tena. Nilikwisha kununua plagi, betri na koili mbili mpya za cheche, na kabureta zilifunguliwa mara mbili na fundi ambaye sasa naamini alikuwa akibahatisha.

Gereji ya huyu kijana, mtaani Barani, ni mabati manne kando ya kinu cha kusaga mahindi, na wateja wake ni bodaboda watupu. Nilimtilia shaka, sifichi. Lakini hakushika spana. Aliuliza tu: "Hebu nambia mzee, hufa upande mmoja au pande zote pamoja?"

Zote pamoja, nikamwambia. Injini hii ina silinda mbili, kila moja na kabureta yake.

"Basi kabureta ziacheni. Mbili haziwezi kufa dakika moja."

Kisha akauliza ni ncha gani ya betri iliyofungwa kwenye fremu. Hapo ndipo nilipotulia, kwa sababu Triumph za miaka ile hufunga chanya kwenye fremu, kinyume na pikipiki za Boxer za bodaboda alizozizoea. Ukikosea, kisanduku kinaweza kuungua, na cha kununua hapa Malindi hakuna.

Mita ya umeme ikatoka. Betri volti 12.6, lakini kwenye waya unaoingia kisandukuni, ufunguo umewashwa, 11.1. Umeme ulikuwa unaliwa njiani, kwenye swichi ya ufunguo na ile ya kuzimia iliyo kwenye usukani. Alipozifungua, ndani kijani kitupu: chumvi ya bahari. Visanduku vya aina hii umeme ukishuka sana huvuruga wakati wa cheche, na kumbe ndiyo sababu kiki ilinirudishia teke siku moja mpaka kifundo kikavimba.

Baada ya kuzisafisha, akachomoa waya mbili za sahani. Zile za upande wa kisanduku akazigusanisha na kuziachanisha haraka. Plagi iliyolazwa juu ya silinda ikapiga cheche, ta! Akarudia, ta! Kisanduku kizima, na koili nzima (zile za zamani nazo zilikuwa nzima, pesa yangu imekwenda). Akahamishia mita kwenye waya za sahani: ukinzani omu 130 hivi, sawasawa. Mimi ningeishia hapo. Yeye akaanza kuupinda waya kwa kidole gumba, kidogo kidogo, na alipofika kwenye mpira unapotokea, namba ikaruka, ikapotea, ikarudi. Akaumenya. Ganda la nje kama jipya, ndani nyuzi za shaba zimekatika zote isipokuwa mbili.

Akalehemu waya mpya, shilingi 1,800 pamoja na kazi ya swichi. Nimeshakwenda Mambrui mara tatu bila kusimama.

Lawama ninazo. Aliniahidi alasiri, akanipa kesho yake. Na hana taa ya kumulikia taimingi: pikipiki hii cheche yake, injini ikiwa mbio, inatakiwa ipige digrii 38 za mzunguko wa injini kabla ya pistoni kufika juu, na hilo halipimwi kwa sikio. Yeye kalipima kwa sikio. Itabidi niipeleke Mombasa kwa hilo.

Ukienda, nenda kabla ya saa nne, bodaboda hawajajaa, na uchukue waya wako mwenyewe. Wake ni mwembamba.