Kifurushi cha kifahari cha Ryder Cup mjini Roma: nilicholipia na nilichopata

Mwishoni mwa Septemba 2023 mimi na mke wangu tulisafiri kutoka Mombasa hadi Roma kutazama Ryder Cup, mashindano ya gofu ya timu kati ya Ulaya na Marekani. Tulikuwa tumenunua kifurushi cha kifahari chenye hoteli ya nyota tano katikati ya mji kwa usiku tano, usafiri wa kwenda uwanjani na kurudi, tiketi za siku zote tatu za mchezo, na nafasi katika banda la wageni maalumu. Bei yake kwa watu wawili ilizidi ile ya gari dogo lililotumika linaloshushwa Kilindini kutoka Japani. Tuliidunduliza kwa zaidi ya miaka mitatu, na tulipata muda huo kwa sababu mashindano ya Roma, ambayo yalikuwa yafanyike 2022, yalisogezwa mwaka mmoja baada ya korona kuyaahirisha yale ya Whistling Straits, Marekani, kutoka 2020 hadi 2021. Nilipokuwa nikitafuta maelezo ya mtu wa kwetu aliyewahi kwenda, sikuyapata kwa Kiswahili, kwa hiyo nayaandika mwenyewe.

Ili mtu aamue kama kifurushi cha aina hii kinamfaa, lazima kwanza aelewe namna mchezo wenyewe unavyochezwa, kwani hapo ndipo fedha hupotea au kupata kazi. Tumezoea mashindano kama Kenya Open, ambapo wachezaji zaidi ya mia moja hupita mbele yako makundi kwa makundi tangu asubuhi hadi jioni, na ukikaa chini ya mti mmoja siku nzima utawaona karibu wote. Ryder Cup si hivyo. Kila timu ina wachezaji 12, na siku za Ijumaa na Jumamosi huchezwa mechi nne asubuhi na nyingine nne mchana, wawili dhidi ya wawili. Maana yake ni kwamba katika uwanja mzima wenye mashimo 18, yaani sehemu 18 za kuchezea, kila moja ikiishia kwenye kitundu chake, kuna makundi manne tu kwa wakati mmoja, na makumi ya maelfu ya watu wanayafuata makundi hayo manne. Jumapili tu ndipo wachezaji wote 24 hushuka uwanjani, mmoja kwa mmoja, katika mechi 12. Isitoshe, hesabu si ya mikwaju yote bali ya mashimo: anayelimaliza shimo kwa mikwaju michache ndiye analishinda, na anayetangulia kwa mashimo mengi kuliko yaliyobaki amekwisha kushinda, watu hupeana mikono na mechi huishia hapo hapo, hata kama ni katikati ya uwanja. Kila mechi ni pointi moja, na ikiwa sare kila upande hupata nusu.

Sasa zingatia kwamba banda letu lilikuwa kando ya shimo la 18, na wakala alilinadi kama mahali bora kuliko pote kwa kuwa ndipo mashindano huamuliwa. Ijumaa asubuhi mechi ya kwanza ilianza saa 1:35, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza juu ya vilima vya Marco Simone, uwanja wa mashindano. Ulaya ilishinda mechi zote nne za asubuhi hiyo, jambo ambalo ilikuwa haijawahi kulifanya katika kipindi cha ufunguzi tangu mashindano haya yaanze. Jon Rahm na Tyrrell Hatton walimaliza kwenye shimo la 15, Viktor Hovland na Ludvig Åberg vilevile kwenye la 15, na mechi mbili nyingine zikaishia la 17. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye shimo la 18. Wageni waliobaki bandani asubuhi nzima, wakiwa wamelipa fedha nyingi kuliko mtu yeyote uwanjani, walitazama kwenye televisheni kile ambacho wangekitazama wakiwa nyumbani kwao, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa muda wa saa mbili kabla sijaamka na kumwambia mke wangu tutoke.

Lakini ingekuwa dhuluma kuishia hapo, kwa maana mchana wa siku hiyo hiyo ulikuja kugeuza maneno yangu. Mechi tatu kati ya nne zilifika kwenye shimo la 18, Wamarekani wakiwa mbele katika zote tatu, na zote tatu zikaishia sare mbele ya macho yetu. Hovland alimaliza shimo kwa pigo moja chini ya kiwango, yaani idadi ya mapigo iliyowekewa shimo hilo. Baada yake Rahm aliupiga mpira kutoka mbali ukaingia, mapigo mawili chini ya kiwango. Mwisho Justin Rose, mwenye umri wa miaka 43, alisimama juu ya mpira wake huku uwanja mzima umenyamaza, kisha akanyanyua ngumi. Siku ilikwisha Ulaya ikiwa na pointi 6½ dhidi ya 1½, na Wamarekani bila ushindi hata mmoja. Nimecheza gofu tangu ujana wangu, tena kwenye viwanja vya pwani ambapo upepo wa kaskazi unaweza kumwaibisha mtu, na sijawahi kuona mchezo huu ukishikilia pumzi za watu kiasi kile. Kwa saa ile moja, banda lilistahili bei yake yote.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi ni kuuliza banda linatazama shimo gani, na kama tiketi inakuruhusu kutembea uwanja mzima na kurudi utakapo. Yetu ilituruhusu, na hilo lilituokoa.

Kuhusu chakula na vinywaji nitasema wazi, kwa kuwa wasomaji wengi wa lugha hii watakuwa na swali kama langu. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa anasa katika vifurushi hivi ni mvinyo na pombe nyingine zinazomiminwa tangu asubuhi, na asiyekunywa hapunguziwi senti moja. Sisi ni Waislamu, na wakala alituhakikishia kwa maandishi kwamba chakula halali kingeandaliwa. Siku ya kwanza nyama zote mezani zilikuwa za nguruwe au zisizojulikana zilikochinjwa, na mhudumu, kijana mwenye heshima sana, hakuwa ameambiwa lolote. Tulikula mkate, mboga, jibini na samaki, na kuanzia Jumamosi mpishi alitutengea samaki bila kuombwa tena. Nilimshukuru yule kijana kuliko nilivyomshukuru wakala. Adhuhuri na alasiri tulizijumuisha kama wasafiri, kwenye kivuli cha mti nyuma ya banda, na hakuna aliyetusumbua. Jumatatu, kabla ya kuondoka, tulikwenda kuswali katika Msikiti Mkuu wa Roma, uliofunguliwa 1995, na safari hiyo tuliilipia wenyewe kwa teksi.

Usafiri ndipo kifurushi kilipofanya kazi yake kuliko mahali pengine popote. Uwanja wa Marco Simone uko Guidonia Montecelio, nje ya Roma upande wa kaskazini mashariki, kwenye mashamba yanayozunguka ngome ya zamani iliyoupa uwanja jina lake, na ukiwa kwenye sehemu zilizoinuka unaliona kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro kwa mbali. Ramani inaonyesha ni karibu na mji. Lakini barabara zake ni nyembamba, na watu wote wanataka kufika kabla ya saa 1 asubuhi na kuondoka baada ya saa 12 jioni. Basi letu dogo lilituchukua mlangoni mwa hoteli saa 10:30 alfajiri na kutushusha umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka lango la wageni maalumu. Jamaa yetu mmoja anayeishi Milano, ambaye alinunua tiketi ya kawaida, alitufuata kwa treni ya mjini na mabasi ya umma. Alifika salama, lakini jioni ya Ijumaa alisimama kwenye foleni ya mabasi hata tulikuwa tumekwisha kuoga na kula chakula cha usiku ndipo aliponipigia simu kusema ameingia mjini. Mtu mwenye miaka 30 anaweza kulibeba hilo siku tatu mfululizo. Mimi nina 58 na goti langu la kulia lina historia yake. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu katika orodha yote ya kifurushi, ningelichukua lile basi dogo na kuyaacha mengine.

Nalisema hilo pia kwa sababu ya vilima. Picha za televisheni hulainisha ardhi, na mtu aliyezoea uwanja ulio tambarare kama wetu wa Nyali hatatarajia miteremko ile, tena katika joto lililokuwa halipishani sana na la nyumbani. Jumamosi asubuhi tuliwafuata Hovland na Åberg dhidi ya Scottie Scheffler, aliyekuwa wa kwanza kwa ubora duniani, na Brooks Koepka, bingwa mara tano wa mashindano makubwa. Walipopeana mikono kwenye shimo la 11, vijana wale wawili wa Skandinavia walikuwa mbele kwa mashimo 9 huku yamebaki 7, ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya Ryder Cup kwa mechi ya mashimo 18. Tulikuwa tumesimama hatua chache kutoka kwao, na Scheffler alipopita uso wake ulikuwa umeiva. Mke wangu, ambaye hachezi gofu na ambaye niliogopa atachoka siku ya kwanza, alinishika mkono akasema, "Maskini, huyu ni mtoto wa watu." Kuanzia hapo hakutaka tena kurudi bandani, nami sikumlazimisha.

Malalamiko yangu makubwa ni juu ya jukwaa la mahali pa kuanzia. Karatasi ya kifurushi ilisema tutakuwa na "nafasi katika jukwaa la shimo la kwanza", na kwa mtu anayelijua jukwaa lile, lenye maelfu ya watu wanaoimba kabla hata jua halijatoka, maneno hayo pekee yanatosha kumfungua mkoba. Tulipofika tuliambiwa kwamba viti vile ni vya atakayewahi, na kwamba tiketi yetu haitofautiani na ya mtu mwingine yeyote kwenye jambo hilo. Ijumaa hatukuingia kabisa. Nilimwandikia wakala, nikajibiwa kwa upole kwamba neno "nafasi" lilimaanisha uwezekano, si kiti. Sitamtaja, kwa kuwa maelewano yetu yalikwisha kwa kurudishiwa sehemu ndogo ya fedha, lakini nasisitiza kwamba mnunuzi asiridhike na neno hilo; aombe namba ya kiti, na ikiwa hakuna namba basi ajue hakuna kiti.

Hoteli ilikuwa nzuri, na hatukuwa ndani yake. Mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku hahitaji marumaru.

Jambo la viza linataka subira zaidi kuliko wakala anavyodhani. Maombi ya viza ya Schengen, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupokewa hadi miezi sita kabla ya safari, na sisi wa Mombasa ilitubidi tupande hadi Nairobi kutoa alama za vidole. Barua ya kuthibitisha hoteli na tiketi ilichelewa kwa sababu wakala, ambaye wateja wake wengi hawahitaji viza, hakuona haraka iliyopo. Idai barua hiyo siku ile ile unapolipa malipo ya kwanza.

Jumapili tuliacha banda tangu mwanzo na kujiweka kwenye mteremko wa shimo la 16, ambalo ni fupi kiasi cha kumshawishi mchezaji apige moja kwa moja kuelekea shimoni, maji yakimsubiri akikosea. Jirani yetu alikuwa mzee kutoka Nairobi aliyetuambia alimwona Seve Ballesteros akishinda Kenya Open 1978, mwaka mmoja kabla Mhispania huyo hajawa miongoni mwa wa kwanza kutoka bara la Ulaya kucheza Ryder Cup, na akatuambia, "Kaeni hapa, wanangu, msiondoke." Tulimtii. Tommy Fleetwood wa Ulaya alipiga mpira ukatua penye shimo, Rickie Fowler wa Marekani akaupiga wake majini, na muda mfupi baadaye Fowler alikubali kushindwa shimo hilo, jambo lililoihakikishia Ulaya pointi 14½ zilizohitajika kulirudisha kombe. Matokeo ya mwisho yalikuwa 16½ kwa 11½. Mzee alikuwa akilia waziwazi, na mke wangu akampa leso yake.

Mwaka 2027 mashindano yatafanyika Adare Manor, katika kaunti ya Limerick, Ireland, miaka 100 tangu yale ya kwanza ya 1927. Tumeamua kwenda tukijaaliwa, safari hii kwa tiketi za Jumamosi na Jumapili pekee, bila banda. Adare ni kijiji, hivyo malazi ya karibu yatakuwa machache na usafiri utakuwa na uzito zaidi kuliko ulivyokuwa Roma. Tena Ireland haimo katika Schengen, na viza yake huombwa peke yake. Nimekwisha kumwandikia wakala mwingine kumuuliza basi litatushusha wapi hasa, barua ya viza itatoka lini, na kama bei inapungua kwa asiyekunywa pombe. Amejibu la kwanza kwa ramani. Hayo mawili mengine ninayasubiri kabla sijalipa chochote.