Laptopu ya mtumba Dar: pa kwenda kwanza na pa kuishia mwisho

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, simu za ndugu na jamaa huanza: "Ninunue laptopu gani?" Nami huwauliza, unanunua kwa nani? Laptopu nyingi zinazouzwa Dar ni za mtumba, na mtumba huonyesha ugonjwa wake ukishafika nao nyumbani, wiki ya pili au ya tatu. Siku hiyo unahitaji kujua mlango wa kugonga. Kwa mwenye kati ya laki 6 na milioni 1, hivi ndivyo ninavyopanga.

Namba moja ni duka la kompyuta zilizotumika, lenye fremu yake, Posta au Kariakoo. Nasema fremu, si meza ya barazani. Maduka haya huuza mashine zilizotolewa maofisini huko Ulaya na Marekani baada ya miaka 3 au 4 ya kazi, nyingi zikipitia Dubai. Ndiyo maana kila duka utakuta HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Ziliundwa kuhimili kazi ya kutwa, na kwa bei hiyo naziamini kuliko laptopu mpya ya bei rahisi.

Waranti iandikwe kwenye risiti: ya muda gani, na inahusu nini. Betri na chaja ndizo huachwa nje, kwa hiyo uliza kwa majina. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Akikwambia ukitaka risiti bei inapanda, nenda fremu ya pili. Bila risiti, tatizo likitokea hutakuwa na ushahidi wowote mkononi.

Kisha usiondoke kabla ya nusu saa. Chomoa chaja, mashine ifanye kazi kwa betri yake. Fungua mahali pa kuandika, bonyeza kitufe kimoja kimoja. Zilizotoka Ujerumani, Z hukaa mahali pa Y, na stika zilizobandikwa juu hubanduka. Halafu fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Nilimsindikiza binamu yangu Kariakoo, tukapata mashine safi, kioo hakina hata mkwaruzo. Ripoti ikaonyesha betri iliundwa na uwezo wa mWh 50,000, sasa imebaki 19,000 na kidogo. Muuzaji aliisoma, akaingia stoo, akarudi na nyingine. Mwenye meza ya barazani angeitoa wapi hiyo nyingine?

Angalia na prosesa, chipu inayoendesha kazi zote za kompyuta. Ikiandikwa i5-8250U, hiyo 8 baada ya kistari ndiyo kizazi chake. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa EliteBook 840, anzia G5, yaani toleo la tano. G3 na G4 ziache hata ukipunguziwa laki nzima. Latitude 7490 na ThinkPad T480 nazo nyingi ni za kizazi hicho cha 8.

Namba mbili ni ofisi inayouza vifaa vyake. Bei huwa nzuri na historia ya mashine inajulikana, ila huchagui, unapewa iliyopo. Mwombe mtu wao wa TEHAMA aondoe nenosiri la BIOS, programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows, na kuifuta mashine kwenye usajili wa ofisi mbele yako. Asipofanya hivyo, siku utakapopiga Windows upya inaweza kukudai akaunti ya kazini ambayo huna.

Duka la vitu vipya, kama yale ya Mlimani City, naliweka la tatu kwa sababu ya bajeti tu. Kwa milioni 1 utaangukia prosesa dhaifu na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, ambayo mara nyingi huwezi kuiongeza. Mwenye milioni 2 aanzie huko.

Ndugu aliye Dubai ni wa nne. Mzigo unaweza kuwa mzuri, lakini ukiharibika, wa kuurudisha dukani yuko mbali.

Wa mwisho ni muuzaji wa Instagram asiye na duka. Niliwahi kumnunulia mdogo wangu kwa mtu wa namna hiyo, laki 5 na nusu, tukikabidhiana kwenye kituo cha mafuta. Iliwaka vizuri. Siku ya 9 padi ya kipanya ikaanza kuinuka upande mmoja. Betri ilikuwa imevimba chini yake. Nilipompigia, simu iliita mara moja, baada ya hapo haikupatikana tena. Mdogo wangu alianza muhula akiandika kazi zake kwenye simu, na hilo bado linaniuma.

Ukilazimika kununua huko, usitume hata senti ya kishika nafasi. Mwambie mkutane kwa fundi wako, fundi afungue mfuniko wa chini aione betri, ndipo ulipe. Akianza kutaja sehemu nyingine ya kukutana, rudi Posta.